Redio, singo na hesabu zinazoamua nani aongoze chati za muziki Marekani

MWISHONI mwa mwaka wa 1996 na miezi ya kwanza ya 1997, hapakuwa na wimbo uliosikika zaidi redioni nchini Marekani kuliko “Don’t Speak” wa kundi la No Doubt kutoka California. Kwa wiki 16, wimbo huo ulishikilia nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizochezwa zaidi na vituo vya redio nchini humo.

Hata hivyo, katika chati kuu, Hot 100 ya jarida la Billboard, wimbo huo haukuonekana hata katika nafasi ya mia. Aliyetamba kileleni katika kipindi hicho, kwa wiki 11, ni Toni Braxton na kibao chake “Un-Break My Heart”.

Sababu haikuwa uhaba wa mashabiki. Kulikuwa na sharti moja tu: wimbo ambao haukuuzwa madukani kama singo haukuruhusiwa kuingia Hot 100, hata kama redio zote ziliucheza usiku na mchana. Kampuni iliyorekodi No Doubt haikutoa singo hiyo Marekani. Nchini Uingereza, ambako singo iliuzwa, wimbo uo huo ulipaa hadi nambari moja mapema 1997 na kukaa huko wiki tatu.

Tangu hapo wadadisi wa muziki wameutaja mfano huu kila wanapojadili iwapo chati hupima kinachopendwa na umma ama kinachopangwa na wenye biashara. Jibu limo katika namna hesabu yenyewe inavyofanywa.

Kabla ya Agosti 4, 1958, Billboard ilikuwa na orodha kadhaa: ya santuri zilizouzwa madukani, ya nyimbo zilizochezwa na watangazaji, na ya zile zilizochaguliwa na wateja katika mashine za muziki mabaani na mikahawani. Hot 100 iliunganisha vipimo hivyo kuwa orodha moja. Mauzo yalionyesha nani alitoa pesa mfukoni. Redio ilionyesha nani alisikika. Uingereza ilifuata njia nyingine, ikahesabu mauzo pekee, na redio ikabaki kuwa kichocheo kisicho na alama yake katika chati.

Kwa zaidi ya miongo mitatu, takwimu za Hot 100 zilikusanywa kwa kupiga simu. Wenye maduka na wakuu wa vituo vya redio waliulizwa ni nyimbo zipi zilizokuwa zikifanya vyema, nao wakataja. Si vigumu kukisia mwanya uliokuwapo. Muuzaji aliyepewa santuri za bure na kampuni fulani alikuwa na kila sababu ya kuusifu wimbo wa kampuni hiyo.

Mambo yalibadilika Novemba 30, 1991. Kuanzia siku hiyo mauzo yalihesabiwa kwa mashine zinazosoma alama za bidhaa pale mteja anapolipa, nazo redio zikafuatiliwa na mitambo inayotambua wimbo unaopeperushwa. Isitoshe, kuchezwa kwa wimbo kulipewa uzito kulingana na idadi ya wasikilizaji. Wimbo uliochezwa asubuhi na kituo kikubwa cha New York ulipata alama nyingi kuliko uliochezwa saa nane za usiku katika mji mdogo.

Hesabu zikawa safi zaidi. Ila kampuni za muziki nazo zilijifunza upya jinsi ya kuzichezea.

Hesabu yao haikuwa ngumu. Singo iliuzwa kwa dola chache, ilhali albamu ya CD iliuzwa kwa zaidi ya dola 15. Kijana aliyependa wimbo mmoja aliosikia redioni, akikosa singo dukani, alikuwa na njia mbili: kununua albamu nzima yenye nyimbo 12 au kusubiri redio iucheze tena. Wengi walinunua albamu. “Tragic Kingdom”, albamu yenye “Don’t Speak”, iliuza nakala zipatazo milioni 10 Marekani pekee. Kwa mhasibu wa kampuni, kukosekana kwenye Hot 100 kulikuwa gharama ndogo mno.

Mbinu hii haikuzaliwa miaka ya tisini. “Stairway to Heaven” wa Led Zeppelin, wa mwaka wa 1971, ulichezwa sana na redio za Marekani lakini haukuuzwa huko kama singo, na hivyo haukuwahi kuingia Hot 100 wakati huo. Tofauti ni kwamba katika miaka ya sabini hilo lilikuwa jambo la kundi moja lenye msimamo wake. Miaka ishirini baadaye likawa sera ya sekta nzima.

Aliyeumia ni mnunuzi. Mwaka wa 2000, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara ilizichukulia hatua kampuni tano kubwa za muziki kwa kuwabana wenye maduka wasitangaze bei nafuu za CD. Tume hiyo ilikadiria kuwa wateja walilipa hadi dola milioni 480 zaidi ya walivyopaswa kulipa katika muda wa miaka mitatu. Ni vigumu kuwashangaa vijana waliokimbilia Napster mwaka wa 1999 kuchukua wimbo mmoja waliokuwa wakiutaka, ingawa walifanya hivyo bila kuwalipa wasanii.

Wapo waliotumia singo kwa namna iliyo kinyume kabisa. Badala ya kuinyima soko, waliizuia kwa wiki kadhaa huku redio zikiucheza wimbo mfululizo, kisha wakaimwaga madukani kwa siku moja. Mauzo ya wiki ya kwanza yalijumlishwa na alama za redio zilizokuwa zimeshapanda, na wimbo ukaingia chati ukiwa tayari kileleni. Hot 100 ilikuwa imekaa miaka 37 bila tukio la aina hiyo. Halafu, Septemba 1995, “You Are Not Alone” wa Michael Jackson ulianza nambari moja. Kabla ya mwaka huo kuisha ulifuatwa na “Fantasy” wa Mariah Carey, “Exhale (Shoop Shoop)” wa Whitney Houston na “One Sweet Day”, ambao Carey aliimba na Boyz II Men. Ni dhahiri kuwa mashabiki hawakubadilika ghafla mwaka huo. Kilichobadilika ni ratiba ya kuachilia singo.

Lakini singo bila redio haikufika mbali. Katika majira ya kiangazi ya 2001, “Loverboy” wa Mariah Carey uliruka kutoka nafasi ya 60 hadi ya pili katika wiki moja, baada ya singo yake kutolewa na kuuzwa kwa bei ya chini. Redio nyingi hazikuupa nafasi, na ukashindwa kuung’oa “Bootylicious” wa Destiny’s Child uliokuwa kileleni.

Billboard yenyewe ilitambua kuwa chati yake kuu imeanza kuonekana kama kichekesho. Kuanzia Desemba 5, 1998, sharti la singo liliondolewa, na wimbo unaochezwa redioni pekee ukaruhusiwa. Wiki hiyo hiyo, “Iris” wa Goo Goo Dolls, ambao ulikuwa umeongoza orodha ya redio kwa wiki 18, uliingia katika nafasi ya tisa. “Torn” wa Natalie Imbruglia, ulioongoza redioni kwa wiki 11, uliambulia nafasi ya 42. Zote mbili zilifika wakati moto wake umekwisha kupoa. Juni 2000, “Try Again” wa Aaliyah ukawa wimbo wa kwanza kufika nambari moja kwa nguvu ya redio peke yake.

Kwa hivyo mizani ikaelemea redio, na hapo likazuka swali la zamani: ni nani anayemwamuru mtangazaji acheze wimbo upi?

Mlungula wa redio una historia ndefu Marekani. Alan Freed, mtangazaji aliyechangia pakubwa kuueneza muziki wa rock and roll, alipoteza kazi yake New York mwaka wa 1959 kufuatia kashfa ya kupokea malipo ili acheze nyimbo. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa ili kuharamisha malipo ya siri ya aina hiyo. Freed alikiri makosa mwaka wa 1962, akatozwa faini ya dola 300, na akafariki 1965 akiwa amefilisika.

Sheria haikuukata mzizi. Mnamo Julai 2005, mkuu wa sheria wa jimbo la New York wakati huo, Eliot Spitzer, aliilazimisha kampuni ya Sony BMG kulipa dola milioni 10 baada ya uchunguzi kufichua kuwa wafanyakazi wa redio walipewa zawadi na safari ili wacheze nyimbo zake. Uchunguzi huo ulionyesha pia kuwa watu walilipwa wapige simu vituoni wakijifanya mashabiki wanaoomba wimbo fulani. Kampuni za Warner, Universal na EMI nazo zilikubali kulipa mamilioni katika miezi iliyofuata. Mwaka wa 2007 zamu ikawa ya wenye redio, pale mashirika manne ya utangazaji yalipokubali kulipa jumla ya dola milioni 12.5.

Hata pasipo hongo, redio ilikuwa imejikusanya katika mikono michache. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki kote nchini, na Clear Channel ikaishia kuwa na zaidi ya 1,000. Makali ya hali hiyo yalionekana Machi 2003, wakati Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks, ambalo sasa huitwa The Chicks, alipomkosoa Rais George W. Bush jukwaani jijini London kuhusu vita vya Iraq. Kampuni ya Cumulus ilizipiga marufuku nyimbo zao katika vituo vyake vya muziki wa country, na vituo vingine vingi vikafuata. Wimbo wao “Landslide” uliporomoka kutoka nafasi ya 10 hadi ya 43 katika Hot 100 kwa wiki moja. Sauti zilikuwa zile zile zilizopendwa wiki iliyotangulia.

Mtandao ulikuja kulegeza mkono huo, japo si kuuondoa. Duka la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003, na Februari 2005 nyimbo zinazonunuliwa mtandaoni zikaanza kuhesabiwa katika Hot 100. Ghafla kila wimbo wa albamu ukawa singo, atake asitake mwenye kampuni. Baadaye zikaongezwa nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, na kuanzia 2013 video za YouTube. Drake alipotoa “Scorpion” mwaka wa 2018, nyimbo zote 25 za albamu hiyo ziliingia chati kwa wiki moja, saba kati yazo zikiwa katika kumi bora. Desemba 2020, kundi la BTS kutoka Korea Kusini liliongoza na “Life Goes On”, wimbo ambao redio za Marekani karibu hazikuugusa, kwa kuwa mashabiki walijipanga kuununua kwa wingi.

Je, redio imekwisha? La hasha. Imebadilisha kazi. Zamani ilikuwa mlango. Sasa inafanana zaidi na mto wa kulalia, unaoufanya wimbo ukae. Mashabiki wenye bidii waweza kuufikisha wimbo kileleni kwa siku saba, lakini wiki ya pili nyimbo nyingi za namna hiyo huanguka. Zinazodumu ni zile ambazo redio imezishika. “Blinding Lights” wa The Weeknd uliongoza orodha ya redio kwa wiki 26 na kukaa Hot 100 kwa wiki 90.

Bara la Afrika limeyaona hayo kwa karibu. “Calm Down” wa Rema, mwimbaji kutoka Nigeria, ulitolewa mapema 2022, kisha ukarudiwa Agosti mwaka huo akimshirikisha Selena Gomez. Toleo hilo lilipanda polepole hadi nafasi ya tatu katika Hot 100 mwaka wa 2023, na mwaka huo huo likaongoza orodha ya redio Marekani. Ni halali kuuliza kama vituo hivyo vingeushika kwa kiasi hicho bila jina la Gomez. Msanii wa Nairobi au Dar es Salaam anayeota soko hilo anapaswa kujua kuwa wasikilizaji wa mtandaoni waweza kumtambulisha, ila kwa kawaida redio za huko hutaka jina wanalolifahamu.

Kuna jambo jingine ambalo chati haionyeshi. Nchini Marekani, redio za kawaida hulipa watunzi wa nyimbo pekee. Mwimbaji na kampuni iliyorekodi hawapati hata senti wimbo unapochezwa hewani, tofauti na Kenya ambako sheria ya hakimiliki inatambua malipo ya waimbaji. Miswada ya kurekebisha hali hiyo imewasilishwa mara kadhaa katika Bunge la Congress, na kila mara wenye vituo wameipinga wakisema kuwa kuuchezea msanii wimbo wake ni tangazo la bure linalomletea mauzo.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati msikilizaji alipotoka redioni moja kwa moja hadi dukani kununua CD ya dola 15. Leo anatoka redioni na kuusikiliza wimbo huo kwenye simu, ambako kila mara anapousikiliza msanii hupata sehemu ndogo ya senti.