Karanga zenye ukungu: ghushi inayofika hadi kwenye jeni

Leo tuzungumzie saratani. Hapa kwetu Kibakwe ugonjwa huu ukimpata mtu, wengine husema karogwa, wengine husema ni kadari tu, hakuna la kufanya. Kadari tunaiamini, lakini ugonjwa huu una sababu, na baadhi ya sababu hizo tunazipika wenyewe.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, na ndani ya kila chembe mna jeni, yaani maagizo ya namna ya kuishi na kugawanyika. Zipo jeni ziitwazo RAS ambazo kazi yake ni kama swichi: chembe ikitakiwa kugawanyika inawashwa, kazi ikiisha inazimwa. Mwaka 1982 wanasayansi nchini Marekani waligundua katika saratani ya kibofu cha mkojo kwamba kubadilika kwa herufi moja tu ya jeni hii kunatosha kuifanya swichi isizimike. Leo inakadiriwa kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ana kasoro ya RAS, hasa katika kongosho, utumbo mpana na mapafu. Moshi wa sigara ni miongoni mwa waharibifu wake.

Ikiwa RAS ni swichi ya kuwasha, ipo jeni nyingine, p53, ambayo ni breki. Hii ndiyo inayotugusa zaidi sisi wakulima wa Dodoma. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hao hutoa sumukuvu. Sumu hii ikifika kwenye ini huweza kuharibu breki hiyo, na ini likapata saratani. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi. Ikiliwa kwa wingi huua haraka: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 kati yao wakafariki.

Sasa tujiulize, wakati wa mavuno tunafanya nini? Karanga nzuri tunapeleka sokoni. Zilizosinyaa na kuota ukungu tunasaga unga wa uji wa mtoto, au tunaziuza zikiwa zimekwisha kusagwa ili mnunuzi asizione. Kuzichemsha au kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Najua yupo atakayeuliza: mwaka wa njaa nitupe chakula? Swali hili ni la haki. Lakini mara nyingi sumu nyingi hukaa katika punje chache zilizoharibika. Ukichambua kwa mkono unapoteza viganja kadhaa, hupotezi gunia.

Tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Mwenyewe alijitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi. Anayesaga karanga zenye ukungu na kuwauzia watu ajipime kwa kisa hicho.

Tuanike juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu, na magunia tuyaweke juu ya chaga. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha uiache itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado hazijakauka. Watoto wapelekwe kliniki wapate chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B.

Nawaomba maimamu wetu kila msimu wa mavuno waitoe khutba moja kwa jambo hili. Dawa za kuzuia kasoro za jeni zimeanza kupatikana duniani, ya kwanza ya RAS iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, lakini ziko mbali na mfuko wa mkulima. Kuchambua karanga hakuhitaji pesa.