Rafiki Mwenye Manowari

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba nchi ndogo ikiisha kufanya mapatano ya kulindana na nchi kubwa, haina budi kuifuata kila iendako. Mimi nilisimama upande wa kupinga, nasi tukashindwa. Kwa kuwa dakika tano hazikunitosha, naomba nafasi hapa nimalize maneno yangu.

Mfano wangu ulikuwa New Zealand. Mwaka 1951 nchi ile, pamoja na Australia, ilitia sahihi mapatano hayo na Marekani. Lilikuwa jambo la busara, maana watu wake walikuwa hawajasahau vita vya Wajapani. Lakini mwaka 1984 walikichagua chama cha David Lange, kilichoahidi kwamba silaha za nyuklia hazitaingia bandarini mwao. Mwanzo wa 1985 Marekani ikataka kuleta manowari Buchanan. Desturi ya Marekani ilikuwa kutokubali wala kutokana kwamba meli yake imechukua silaha hizo. Basi Serikali ya Lange ikaikataa.

Adhabu ilikuja. Habari za siri zikapunguzwa, na mwaka 1986 Marekani ikatangaza kwamba haifungwi tena na ahadi ya kuilinda New Zealand. Wapinzani wangu walishangilia sana hapo, nami sikatai kuwa ilikuwa hasara. Lakini tazameni jambo hili: Julai 1985 meli Rainbow Warrior ilizamishwa kwa mabomu bandarini Auckland, na mtu mmoja akafa. Waliofanya hivyo hawakuwa adui aliyeogopwa siku zote. Walikuwa majasusi wa Ufaransa, nchi rafiki ya Marekani! Mapatano yale hayakuwa na dawa ya hatari ya namna hiyo.

Mwaka 1987 wakatia katazo lao katika sheria, nayo ipo mpaka leo. Novemba 2016 manowari ya Kimarekani Sampson ilikaribishwa, Waziri Mkuu akiisha kuridhika kwamba haikuchukua nyuklia, nayo ikaenda kuwasaidia watu wa Kaikoura waliopatwa na tetemeko la ardhi. Je, hapo nani alimfuata mwenziwe?

Ndugu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, “Kama wasingalikuwa na Australia jirani yao, wangalithubutu?” Nilikohoa, nikaketi. Nadhani swali lile ndilo lililotushinda, na jibu lake bado ninalitafuta.