Chembe sahani kutosha si kufanya kazi

Mzazi, ukiambiwa chembe sahani za mwanao zinatosha, usihitimishe kwamba damu yake inaganda vizuri. Kipimo kile cha kawaida huhesabu tu. Hakisemi kama chembe hizo zinafanya kazi.

Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale, zikashikana na kuziba tundu. Kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Lakini zisiposhikana, wingi wake hausaidii.

Chukua mfano wa XMEN, ugonjwa nadra sana wa kurithi ulioelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 2011. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya MAGT1 iliyoko kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata hasa wavulana, na mama anaweza kuibeba bila kuugua. Jeni hii husaidia kuunganisha sukari maalumu na protini za mwili. Sukari hiyo ikikosekana, kinga hushindwa kudhibiti virusi vya Epstein-Barr, ambavyo viligunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa saratani uliotoka Uganda. Wagonjwa wengine hupata saratani ya tezi. Chembe sahani nazo huweza kuharibika kiutendaji, na kwa waliopandikizwa uboho, kuvuja damu kumekuwa tatizo kubwa.

Utasema ugonjwa huu uko mbali nawe. Huenda. Lakini hata hemofilia na ugonjwa wa von Willebrand, ambayo huonekana zaidi, mara nyingi huacha hesabu ya chembe sahani ikiwa ya kawaida.

Vipimo vya utendaji wa chembe sahani havipatikani kila hospitali, hilo ni kweli. Maswali, hata hivyo, hayahitaji mashine. Naamini hakuna mtoto anayepaswa kufanyiwa tohara, kung'olewa jino au kupasuliwa kabla ya mzazi kuulizwa: Je, aliwahi kuvuja damu isivyo kawaida? Hupata michubuko bila kuumia? Damu ya pua huchukua zaidi ya dakika 10 kukatika? Kuna mjomba wake aliyevuja damu sana? Swali la mjomba ni muhimu, kwa kuwa magonjwa ya kromosomu X hupitia upande wa mama.

Usipoulizwa, sema mwenyewe. Ukijibu ndiyo, omba rufaa kwa daktari wa damu kabla ya upasuaji. Kama mtoto pia huugua maambukizi mara kwa mara au ana tezi zilizovimba muda mrefu, litaje hilo pia. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila kumuuliza daktari, maana hudhoofisha chembe sahani. Damu isiyokatika baada ya kubanwa kwa dakika 10 ni dharura. Mpeleke hospitali mara moja.

Namba nzuri kwenye karatasi isikunyamazishe. Historia ya mwanao unaijua wewe.