Si mbuzi wanayemsubiri

Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa

Mheshimiwa Waziri,



Yah: Familia za askari walio misheni nje ya nchi, msimu wa sikukuu

Idi na Krismasi zikifika, Ikulu hupeleka mbuzi, mchele na mafuta ya kula kwenye vituo vya watoto yatima na makazi ya wazee. Desturi njema, idumu. Naitaja mapema kwa sababu barua kama hii ikifika mezani, wazo la kwanza litakuwa kuziongeza familia za askari kwenye orodha ile: lori lije, kamera zije, watu wapige makofi. Naomba lisiwe hilo.

Mimi ni mpangaji Mbagala. Askari wetu wengi hawakai kambini. Wamepanga uraiani, huku kwetu na Mtoni, na upande wa kambi ya Lugalo utawakuta hadi Tegeta na Bunju. Mtaa umezoea kuona sare ikitoka alfajiri na kurudi jioni. Halafu mwenye sare anaondoka kwa miezi mingi, na mkewe akiulizwa anajibu kwa kifupi: yuko misheni. Mtaa nao una jibu lake: basi dola zinaingia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, na kwenye kadi za michango ya harusi mama huyo anapangiwa kiwango cha juu. Ungemwona jirani yangu mkesha wa Idi, anashona magauni ya watoto wa wenzake, simu kaiegemeza dirishani ambako ndiko mtandao unakoshika, usingemdhania mtu wa dola. Namba ngeni ikiita, mguu unaacha kukanyaga cherehani kabla mkono haujafika dirishani.

Ana sababu. Darfur, Julai 13, 2013, tulipoteza askari 7 wa kulinda amani, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 7, 2017, siku 2 kabla ya sherehe za Uhuru, walikufa 14. Baadaye majeruhi mmoja akawafuata, wakawa 15. Miili iliagwa Upanga, mingine ikavushwa Zanzibar. Mwanzoni mwa 2025 tukaambiwa wengine 2, mashariki ya Kongo kulekule.

Kwa hiyo wakati sisi tunagombania kuku sokoni Rangi Tatu, familia za walio misheni zinasoma WhatsApp. Mapigano yakizuka Kivu, hakosekani wa kutuma sauti kwamba eti wetu wamepigwa. Jeshi lina sababu zake za kukaa kimya, na siombi siri za vita. Naomba mtu. Ofisa mmoja mwenye jina na namba ya simu, aliyekabidhiwa familia kadhaa za eneo moja, ambaye uvumi ukianza mke wa askari atampigia na kuambiwa ama "mzee yuko salama", ama "nakuja hapo nyumbani". Ajitambulishe kabla ya sikukuu, tena aje kwa miguu, amevaa kiraia. Gari la jeshi likisimama mbele ya nyumba ya aliye misheni, majirani huanza kutafuta mikeka.

Siku ya sikukuu yenyewe, zamu za simu huko waliko askari zipangwe ili wenye watoto wapige asubuhi. Kivu wako saa moja nyuma yetu, na mtoto wa Mbagala akishashika hela ya Idi na kuelekea kwenye bembea Zakhem, kumpata tena ni magharibi.

Na wajane. Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki, ngao na mashada, wimbo wa Taifa unapigwa, tunatawanyika. Ada na sare za shule zinadaiwa Januari, sikukuu zikiwa zimeshamaliza akiba. Daftari la ofisa yule lisiifute nyumba kwa kuwa askari wake amefariki. Agonge hodi hapo pia, Desemba na Idi, aulize watoto wanasoma wapi na kipi kimekwama.

Kama itabidi kuanza padogo, anzeni na Temeke. Wenyeviti wa serikali za mitaa wanazijua nyumba hizo, wala hawahitaji semina.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji, Mbagala