Hakathoni Ihesabiwe Kuwa Shule

Ugonjwa wa selimundu, ulioziliza nyumba nyingi tangu mwambao wetu hata kandokando ya Ziwa Viktoria, chanzo chake ni herufi moja tu iliyogeuka katika maandishi ya urithi, yaani jenomu, yenye herufi zipatazo bilioni 3. Na kijana yeyote aliyehitimu elimu ya viumbe aweza kulieleza jambo hilo kwa ufasaha bila ya kufungua kitabu. Lakini mpe kijana huyo huyo mafaili mawili ya data, moja lililopangwa kwa ramani ya jenomu ya mwaka 2009 na jingine kwa ramani ya 2013, umwambie ayaunganishe, na yamkini ataduwaa. Kwani herufi ile ile, katika kromosomu ya 11, ramani ya kwanza huiweka mahali pa 5,248,232 na ya pili mahali pa 5,227,002, na kompyuta, isiyojua ugonjwa wala mgonjwa, itaihesabu kuwa vitu viwili mbalimbali bila ya kumwonya mtu.

Pengo hilo mtihani wa chuo haulipimi, wala mhadhara haulizibi. Huzibwa pale ambapo mtabibu, mjuzi wa takwimu na fundi wa programu waketipo meza moja kwa siku kadhaa, wakiwa na kazi ambayo sharti ikamilike kabla hawajaagana. Na mkutano wa namna hiyo ndio uitwao hakathoni. Wengi walisikiapo jina hilo hudhani ni mashindano ya vijana, yenye zawadi na mshindi. Mimi naitetea ile ya ushirikiano, isiyo na mshindi, kwa sababu ashindanaye huificha siri ya kazi yake, ilhali ashirikianaye hulazimika kumweleza asiyeijua, na aghalabu ni katika kueleza ndipo naye huifahamu barabara.

Agosti 2016, mjini Pretoria, mtandao wa H3ABioNet, ulioundwa kuuhudumia kwa kazi za kompyuta mradi wa H3Africa wa kuchunguza urithi na afya za Waafrika, uliwakusanya mabingwa pamoja na wanagenzi katika hakathoni, ukawapa kuandika mifululizo minne ya programu za kuchambulia data za jenomu na za vijidudu vya mwilini, kwa kusudi kwamba mtu mwingine, katika kompyuta nyingine, aweze kuirudia kazi ile na kupata majibu yale yale. Kusudi hilo ndilo nilitukuzalo zaidi, maana mtafiti aliyejifunza peke yake huandika programu aijuayo yeye tu, na siku ahamapo maarifa nayo huhama.

Haja ni kubwa, na wakati umebana. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2016 ilidhihirisha kwamba katika kila washiriki 100 wa tafiti za jenomu nzima, 81 walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika hawakuzidi 3; na mwaka 2020, jenomu za Waafrika 426 tu zilipochunguzwa, zilionekana tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo zilikuwa hazijapata kuandikwa. Si insafu vijana wetu wafundishwe kutoa damu na kufunga vichupa, kisha usomaji wa yaliyomo uwe kazi ya wengine.

Wala hakuna haja ya kuzigusa siri za wagonjwa ili kuanza: jenomu za Waluhya wa Webuye, Kenya, zimo katika mkusanyo wa Jenomu 1000, wazi kwa kila mwenye kutaka kujifunza. Lililobaki li mikononi mwa wenye amri. Vyuo viihesabu kazi iliyokamilishwa katika hakathoni kuwa sehemu ya shahada. Majina ya wanagenzi yaandikwe katika makala pamoja na ya walimu wao. Na wakuu wa hospitali wawaruhusu matabibu vijana waache zamu kwa juma moja, kwa mshahara wao kamili, wakakae kwenye meza hiyo.