Tuache Kuwasingizia Watoto Vichwa Vizito

Mwaka 2025 Kenya iliingia katika mabishano makali kuhusu Hisabati. Mpango wa awali wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi ulikuwa umeliacha somo hilo liwe la hiari kwa wanafunzi wa mikondo miwili kati ya mitatu. Wananchi walilalamika, na Wizara ya Elimu ikabadili msimamo: kila mwanafunzi atasoma Hisabati, ingawa si ya kiwango kimoja. Uamuzi ulibadilika, lakini imani iliyowafanya wengi wauone mpango ule kuwa wa busara bado ipo, Nairobi na Dodoma vilevile. Inasema kwamba wako watoto waliozaliwa na kichwa cha hesabu na wako waliozaliwa bila, na kwamba kumsukuma asiye nacho ni kumtesa bure. Nchini Tanzania, ambako watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne hufeli Hisabati mwaka baada ya mwaka, imani hii imegeuka jibu la kila swali. Mwalimu huitamka, mzazi huikubali, na mtoto aliyekwisha kuitwa kilaza huimeza. Si ya kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huwafutia watu wazima deni lao na kumtwisha mtoto.

Ushahidi hauko mbali. Watafiti waliwapima watoto wa umri wa miaka saba hivi katika vijiji vya Embu nchini Kenya mwaka 1984, kisha wakapima watoto wa rika hilohilo mwaka 1998. Katika jaribio la kufikiri kwa michoro, ambalo halihitaji kusoma wala kuandika, watoto wa 1998 waliwapita wenzao wa 1984 kwa zaidi ya alama 20, kwenye kipimo ambacho wastani wake ni 100. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu wa Embu. Watafiti walipotafuta sababu walitaja wazazi wengi zaidi waliojua kusoma, familia zilizopungua ukubwa, na lishe na afya bora. Kile tunachokiita akili ya kuzaliwa kilipanda pamoja na chakula, malezi na elimu ya wazazi.

Ushahidi wa pili unatoka magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 121. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa katika madarasa mawili kwa kufuata alama zao. Anayeamini vichwa vizito angetarajia waliowekwa darasa la chini wazidi kuzama. Haikuwa hivyo. Walijifunza zaidi kuliko wenzao wa alama kama zao waliobaki katika madarasa mchanganyiko, kwa kuwa mwalimu sasa aliweza kuanzia pale walipokuwa. Kumbe hawakukosa uwezo. Walikosa somo linalowafaa. Mtoto asiyeelewa kugawanya hawezi kuelewa sehemu, na asiyeelewa sehemu ataikuta aljebra ikiwa ukuta. Mtoto wa Kitanzania hufika kwenye ukuta huo akiwa pia amebadilishiwa lugha ya kufundishiwa, kutoka Kiswahili cha shule ya msingi hadi Kiingereza cha sekondari. Mapengo yake yakipewa jina la kipaji, hakuna atakayeshughulika kuyaziba.

Atatokea wa kuuliza: mbona watoto wa tumbo moja, shule moja na mwalimu mmoja hupishana? Hupishana kweli, na urithi una mchango wake. Lakini urithi hueleza kwa nini wawili waliolelewa sawa wametofautiana. Hauelezi wote wawili wangefika wapi kama wangefundishwa vizuri zaidi. Shule haidaiwi kumfanya kila mtoto awe bingwa wa hesabu. Inadaiwa kumfikisha kila mtoto kwenye hesabu za kumwezesha kuendesha duka, kusoma mkataba wa mkopo au kupima dawa. Kiwango hicho hakihitaji kipaji adimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, haya si maneno yaleyale ya wahamasishaji, kwamba ukijiamini utafanikiwa? Hapana, na utafiti wenyewe unatutenganisha nao. Mwanasaikolojia Carol Dweck ndiye aliyeeneza wazo la mtazamo wa ukuaji, yaani imani kwamba uwezo huongezeka kwa kujifunza. Wazo hilo lilipojaribiwa Marekani kwa zaidi ya wanafunzi 12,000 wa darasa la tisa, kwa mafunzo ya chini ya saa moja, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliokuwa nyuma walipanda, ila kwa kiasi kidogo. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha jambo kubwa zaidi: katika Hisabati, faida ilionekana kwa wanafunzi ambao mwalimu wao mwenyewe aliamini kwamba uwezo hukua. Kwa mwalimu asiyeamini, mafunzo hayakuzaa kitu. Kumhubiria mtoto ajiamini huku mwalimu wake amekwisha kumkatia tamaa ni kazi bure.

Kosa la kudhani kwamba uwezo haubadiliki huwafuata watu hadi kazini. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, kisha tunamnyima mafunzo karani wa miaka 45 kwa madai kwamba kompyuta ni za vijana. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu wazima waliosomea udereva wa teksi London, kazi inayodai kukariri maelfu ya mitaa kwa miaka kadhaa. Mwanzoni ubongo wa waliokuja kufaulu na wa waliokuja kushindwa haukuwa na tofauti. Mwishoni, kwa waliofaulu, sehemu inayohusika na kumbukumbu ya mahali ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa, haikuongezeka. Mtu mzima hukunjika, mradi apewe muda na mafunzo ya kweli.

Najua jibu la walimu: darasa lina wanafunzi 100, tufanyeje? Hoja hiyo ni ya haki, na wanastahili kuisema kwa sauti kubwa mbele ya serikali. Lakini msongamano ni kasoro ya darasa, si ya kichwa cha mtoto, na anayekubali kwamba vichwa ni vizito hana tena sababu ya kudai walimu zaidi. Kwa hiyo ripoti ya mwanafunzi isiishie kwenye neno dhaifu. Iseme amekwama kwenye mada gani, amesaidiwa vipi, na nani atamsaidia muhula ujao. Mzazi akipewa ripoti isiyo na majibu hayo, airudishe kwa mwalimu na aulize.