Utando Ukiondolewa Jichoni, Nuru Hurudi Kiasi Gani?

Fundi cherehani anayeona mshono umepinda hali kitambaa kimenyooka huilaumu miwani yake. Pengine miwani haina kosa. Nyuma ya jicho, juu ya retina, mahali hasa tunapotumia kusomea, huweza kuota utando mwembamba mfano wa ule ugandao juu ya maziwa yaliyochemshwa. Utando huo ukijikunyata, huikunja retina iliyo chini yake. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, na hakuna dawa ya matone iuondoayo.

Mara nyingi utando hauzidi, na daktari huutazama tu. Ukimzuia mtu kazi yake, hutolewa kwa upasuaji. Njia hiyo ilifunguliwa na Daktari Robert Machemer huko Miami, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ute wa ndani ya jicho huondolewa kwa vyombo vyembamba, kisha utando hubanduliwa kwa kikoleo kidogo.

Swali la kila mgonjwa ni moja: Je, nitaona kama zamani? Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa dalili kubwa ni tatu. Kwanza, nuru iliyosalia kabla ya upasuaji: anayesoma herufi nyingi kabla, kwa kawaida huona vizuri zaidi baadaye, ingawa aliyefifia sana aweza kupiga hatua kubwa zaidi. Pili, muda: retina iliyokunjwa kwa miaka hunyooka kwa shida. Tatu, hali ya chembe zipokeazo mwanga. Mashine ya kupiga picha za tabaka za retina, iliyotangazwa mwaka 1991, huonyesha kama chembe hizo ni nzima. Zikiwa zimeharibika, utando utaondoka, lakini nuru haitarudi yote.

Tena yataka subira. Nuru hurejea polepole kwa miezi, pengine mwaka, na mara nyingi upindaji hupungua bila kwisha kabisa. Wengi hupata mtoto wa jicho baadaye. Huyo naye hutolewa.

Basi, leo funika jicho moja, utazame mwimo wa mlango. Kisha funika la pili. Ukiuona umepinda, nenda kwa daktari wa macho mapema. Na ukishauriwa kupasuliwa, muulize: chembe zangu zi hali gani? Jibu hilo litakupa tumaini lenye kipimo.